Mifupa ya Wazee Wetu na Chupa ya Vitamini K

Siku chache zilizopita tulikwenda kumtazama bibi mmoja, mkaazi wa Mji Mkongwe, ambaye alikuwa amevunjika nyonga. Hakuanguka kutoka juu ya mkarafuu, wala hakugongwa na gari. Alijikwaa tu kwenye kizingiti cha choo, usiku, taa zikiwa zimezimika, akaangukia ubavu. Kwa anguko kama hilo kijana huinuka, akajipangusa vumbi akaenda zake. Bibi yetu aliinuliwa na watu wanne, na siku tuliyofika alikuwa amekwisha kutoka hospitali, lakini bado hawezi kwenda hatua moja bila ya kushikwa.

Juu ya meza ndogo kando ya kitanda chake palikuwa na vitu viwili vilivyotushughulisha. Cha kwanza kilikuwa chupa nzuri ya vidonge, iliyoletwa kutoka Muscat na mwanawe anayefanya kazi huko, nayo imeandikwa kwamba ni vitamini K kwa siha ya mifupa. Cha pili kilikuwa pakiti ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo bibi huimeza kwa miaka kadhaa sasa kwa ajili ya moyo wake.

“Wanangu,” alituuliza, “huyu mwanangu kanambia hii ya chupa ndiyo dawa ya mifupa. Basi nizimeze zote mbili?”

Hatukuwa na jawabu hapo. Tulimwomba asifungue ile chupa mpaka daktari wake aione, na jamaa zake wakaipeleka siku ya pili. Daktari aliiweka kando, akaagiza damu ya bibi ipimwe, akawaeleza jamaa kwamba dawa zile mbili zinavutana kama watu wawili walioshika kamba moja. Tangu siku hiyo tumeona kwamba suala la bibi si lake peke yake. Ni suala la kila nyumba Visiwani yenye mzee ndani na mtoto ughaibuni, na ni suala linalowahusu pia wale waliokabidhiwa dhamana ya afya ya wananchi. Ndiyo maana leo tunalileta mbele ya wasomaji wetu.

Kwanza ni vyema tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mfupa si jiwe. Ni kiungo kilicho hai, ambacho mwili hukibomoa kidogo kidogo na kukijenga upya maisha yote. Katika ujana ujenzi huushinda ubomoaji, na mfupa huzidi kuwa mzito na madhubuti. Umri ukisonga mbele mizani hugeuka, na kwa wanawake hugeuka kwa kasi zaidi katika miaka inayofuata kukoma hedhi, kwa sababu homoni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua. Mfupa hubaki na umbo lake kwa nje, ilhali ndani umekuwa na matundu kama mbao iliyoliwa na mchwa. Hali hiyo matabibu huiita osteoporosisi, nasi tunaweza kuiita udhaifu wa mifupa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha kuutambua ugonjwa huo kwa kupima ujazo wa mfupa kwa mashine maalumu.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayana maumivu mpaka siku ya kuvunjika. Mtu hajui kama anayo mpaka ateleze na kifundo cha mkono kivunjike, au mgongo uanze kupinda na kimo kipungue, au nyonga ivunjike kama ilivyomtokea bibi yetu. Na nyonga ya mzee ikishavunjika, mambo mengi huja nyuma yake: kulala kitandani muda mrefu, vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, na mara nyingi kifo. Wako pia wanaopona lakini hawarudi tena kuwa watu wa kujitegemea.

Sasa tuje kwenye vitamini K. Aliyeigundua alikuwa Henrik Dam, mtaalamu wa Denmark, ambaye kuanzia mwaka 1929 aliona kwamba vifaranga waliolishwa chakula kisichokuwa na mafuta walivuja damu bila ya kukoma. Mwaka 1935 alikipa jina kile kitu kilichokosekana, na herufi K aliitoa katika neno la kwao lenye maana ya kuganda kwa damu. Yeye na Mmarekani Edward Doisy walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vitamini hii, na ambayo haina ubishi, ni kuisaidia damu igande. Ndiyo maana watoto wachanga huchomwa sindano ya vitamini K mara wanapozaliwa, na sindano hiyo huwaokoa na hatari ya kuvuja damu ndani ya ubongo. Mzazi yeyote asiikatae.

Baadaye wataalamu waligundua kwamba vitamini hiyo hiyo ina kazi katika mfupa. Imo protini moja iitwayo osteokalsini, ambayo hutengenezwa na chembe zinazojenga mfupa. Protini hiyo haiwezi kuikamata kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa yanayoufanya mfupa uwe mgumu, mpaka vitamini K iitayarishe kwanza. Hapo ndipo lilipotoka tumaini: kama vitamini K inahitajika ili kalsiamu ishikwe, basi huenda kuimeza kwa wingi kutaizuia mifupa isivunjike.

Tumaini hilo lilipata nguvu Japani. Huko watu wa mashariki ya nchi hupenda kula natto, ambayo ni soya iliyovundikwa mpaka ikavuta utelezi, nayo ina vitamini K ya aina ya pili kwa wingi sana. Watu wa magharibi ya nchi hiyo hawaipendi sana. Wachunguzi walipohesabu waliona kwamba nyonga huvunjika kwa uchache zaidi kule mashariki. Mwaka 1995 serikali ya Japani iliruhusu aina hiyo ya vitamini itumike kuwa dawa ya udhaifu wa mifupa, kwa kipimo cha miligramu 45 kwa siku. Msomaji azingatie kiasi hicho. Wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2001 kwamba mwanamke mzima apate maikrogramu 90 za vitamini K kwa siku, na mwanamume 120. Kipimo cha Japani ni mara 500 ya hicho cha mwanamke. Chupa zinazouzwa madukani aghalabu huwa na maikrogramu 100 hivi katika kila kidonge. Kwa hiyo mwenye kuuza chupa hiyo kwa kutaja habari za Japani anataja dawa moja na kuuza kitu kingine.

Na hata hiyo dawa ya Japani haikusimama imara ilipojaribiwa vizuri. Mwaka 2006 wataalamu wa Uingereza walikusanya tafiti zilizokuwapo, ambazo kwa upande wa mivunjiko zote zilikuwa za Japani, wakasema vitamini hiyo inaonekana kuipunguza. Baadaye ikadhihirika kwamba baadhi ya tafiti zilizohesabiwa humo, za mtafiti mmoja, hazikustahili kuaminiwa, na majarida yakazifuta. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Japani kwenyewe, wa wanawake zaidi ya 4,000 kwa miaka mitatu. Waliopewa vitamini K pamoja na kalsiamu, kwa jumla, hawakutofautiana na waliopewa kalsiamu peke yake kwa idadi ya mivunjiko mipya ya uti wa mgongo.

Kwengineko habari ni za namna hiyo hiyo. Nchini Canada, mwaka 2008, wanawake 440 waligawiwa ama vitamini K ya aina ya kwanza ama kidonge kisichokuwa na kitu. Baada ya miaka miwili ujazo wa mifupa yao haukutofautiana. Ni kweli kwamba waliovunjika katika kundi la vitamini walikuwa wachache zaidi, 9 kwa 20, lakini utafiti haukupangwa kupima jambo hilo, na idadi yenyewe ni ndogo mno kujengewa hoja. Uholanzi mwaka 2013, katika utafiti wa wanawake 244 wenye afya, ilionekana faida kidogo kwa wale waliomeza maikrogramu 180 kila siku kwa miaka mitatu. Denmark mwaka 2021, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 140 ambao mifupa yao ilikwisha kuanza kupungua, baadhi yao walimeza kiasi kikubwa zaidi kwa muda huo huo, na ujazo wa mifupa yao haukupata faida yoyote.

Hatusemi basi kwamba vitamini K ni uongo. Mfupa unaihitaji, na anayeikosa hudhurika. Tunachosema ni kwamba baina ya kukihitaji kitu na kufaidika kwa kukizidisha pana tofauti kubwa. Gari bila ya mafuta haliendi, lakini tangi likijaa, mafuta yanayomiminwa juu yake humwagika chini.

Na tangi la watu wa Visiwani si gumu kulijaza. Majedwali ya vyakula ya Marekani yanaonesha kwamba gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya maikrogramu 1,000 za vitamini K, na za matembele karibu 300. Moto wa jikoni hauiharibu sana. Inachotaka ni mafuta kidogo ili tumbo liweze kuifyonza, na hapo ndipo tunapouona werevu wa mama zetu, waliotufundisha mchicha wa nazi kabla ya vitamini hiyo kupewa jina. Sahani moja ya mboga hiyo humpatia mzee kiasi kinachozidi cha kidonge kilichopandishwa ndege. Tena mboga ina mengine ambayo kidonge hakina. Tukiongeza dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, ambao ni hazina ya kalsiamu, basi mlo ambao baadhi yetu tumeanza kuuona wa kimasikini ndio mlo wa mifupa.

Tumefika sasa kwenye hatari iliyokuwapo juu ya meza ya bibi. Katika miaka ya 1920, huko Amerika ya Kaskazini, ng'ombe waliokula majani yaliyooza walikuwa wakivuja damu mpaka kufa. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waligundua kitu kilichosababisha hayo, na kutokana nacho ikatengenezwa warfarini, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya, na katika miaka ya 1950 ikawa dawa ya wanadamu. Hufanya kazi yake kwa kuizuia vitamini K. Mgonjwa wa moyo hupewa kwa kipimo cha uangalifu mkubwa, na damu yake hupimwa mara kwa mara, ili isigande ikamletea kiharusi wala isiwe nyepesi ikavuja. Mtu huyo akianza kumeza vitamini K kwa siri, dawa hupungua nguvu na damu hurudi kuganda. Akiiacha ghafla baada ya daktari kwisha kumzidishia warfarini, damu huwa nyepesi kupita kiasi. Njia zote mbili zaweza kumfikisha kaburini, na sababu ni chupa aliyoletewa kwa mapenzi.

Mwenye kutumia warfarini hakatazwi mchicha. Anachotakiwa ni kula mboga zake kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, na asianze kidonge chochote cha nyongeza bila ya kumwambia daktari wake.

Kuna hatari nyengine, ya kimya zaidi. Mzee aliyevunjika mfupa, akaamini kwamba chupa ndiyo tiba, huacha kutafuta tiba yenyewe. Na tiba ipo. Alendronati ni dawa ambayo tangu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996 imejulikana kupunguza takriban kwa nusu mivunjiko ya nyonga na ya uti wa mgongo kwa wanawake ambao uti wao ulikwisha kuvunjika. Humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu, na mgonjwa hutakiwa akae wima kwa nusu saa ili isimchome koo. Haimfai kila mtu, khasa mwenye maradhi ya figo, na ndiyo maana ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Pamoja nayo mgonjwa hushauriwa kuhusu kalsiamu na vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, na ambayo wazee wanaoshinda ndani huikosa hata katika nchi ya jua kama hii. Kuacha tumbaku na kutembea kila siku ni katika tiba hiyo hiyo.

Tunayasema haya tukijua kwamba fedha za wazee wetu si nyingi. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mzee aliyefika umri wa miaka 70, kwa kima cha shilingi 20,000 kwa mwezi, na kima hicho kimepandishwa tangu hapo. Lilikuwa jambo la kujivunia, nasi tunaendelea kulisifu. Lakini shilingi ya mzee ikiingia katika chupa ya kigeni ambayo faida yake haijathibitika, haitanunua samaki, wala mboga, wala nauli ya kwendea hospitali.

Kwa maoni yetu, basi, yako mambo ambayo wenye dhamana hawana budi kuyatazama.

La kwanza, kila mzee anayefikishwa hospitali kwa kuvunjika mfupa katika anguko dogo asitibiwe mfupa uliovunjika peke yake. Aulizwe pia kwa nini umevunjika, na mifupa iliyobakia ianze kulindwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyevunjika mara moja yu karibu zaidi na kuvunjika mara ya pili.

La pili, dawa zilizothibitishwa ziwepo katika bohari na maduka ya dawa ya umma, Unguja na Pemba, ili daktari anapoandika asiwe anaandika matumaini. Mgonjwa wa Micheweni asilazimike kuvuka bahari kwa ajili ya kidonge cha mara moja kwa wiki.

La tatu, wenye maduka ya dawa watakiwe kumuuliza kila mnunuzi wa vitamini K swali moja kabla ya kupokea fedha yake: anayekwenda kuitumia, je, anameza dawa ya kuzuia damu isigande? Na tahadhari hiyo ibandikwe kwa Kiswahili. Maandishi ya lugha asiyoisoma mzee hayamlindi.

La nne, mzee asiyeanguka havunjiki. Ngazi za majengo ya umma ziwe na vishikio, na vizingiti vyake vipakwe rangi vionekane. Macho ya wazee yapimwe, maana mtoto wa jicho huangusha wengi. Na kabla ya kuwaita wazee wapange foleni mahali popote kwa shughuli ya serikali, patazamwe kwanza kama pana kiti, kivuli na sakafu isiyoteleza.

Kwa upande wao, wananchi nao wana wajibu. Tunawaasa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London na kwengineko, ambao mapenzi yao kwa wazazi hatuyatilii shaka hata kidogo, kwamba kabla ya kununua chupa wapige simu na kuuliza mzee anameza dawa gani. Fedha ile ile ikitumwa kwa ajili ya taa ya akiba ukumbini, kishikio cha chuma chooni, viatu visivyoteleza na kupimwa macho, itawalinda wazazi wao zaidi. Nao walioko nyumbani wasione aibu kumpekulia mzee meza yake na kumpelekea daktari kila kilichopo, cha hospitali na cha dukani, cha kizungu na cha miti shamba.

Bibi yetu hivi sasa anajifunza kutembea kwa mkongojo. Damu yake ilipimwa, akaambiwa aendelee na warfarini yake na mchicha wake wa nazi kwa kiasi alichokizoea. Daktari amemwanzishia tiba ya mifupa. Mwanawe, alipoelezwa kwa simu, alisikitika, kisha akatuma fedha za fundi. Kizingiti cha choo kimeondolewa, na ukutani pametiwa chuma cha kushikia. Tunamwombea afya njema. Na tunawaomba wenye dhamana wasingoje kila nyumba ijifunze somo hili kwa kuvunjikiwa na mzee wake kwanza.